Kofi Ambalo Halikupigwa

Siku ya kichenpati ya binamu yangu, sahani zikiwa zinazunguka na muziki umepunguzwa ili wazee wapate kusikilizana, mama mmoja jirani alimchokoza shangazi: "Afande, leo tuambie ukweli. Miaka yote ile ya upolisi, umeshawahi kumpiga mtu?"

Ukumbi ukacheka. Shangazi alimaliza kwanza kipapatio chake cha kuku, akafuta vidole, akasema, "Mara mbili. Wa kwanza nilimpiga kwa haki. Wa pili sikuwa na haki." Halafu akaomba asogezewe kachumbari.

Mazungumzo yakahamia kwenye zawadi, nani kaleta jokofu na nani kaleta hotpoti tena. Mimi nikabaki palepale. Nimelelewa kwa sehemu nyumbani kwa mwanamke huyu, nimefua sare zake, nimepaka buti zake kiwi, na sikuwahi kumuuliza swali hilo. Pengine niliogopa jibu. Au nilidhani nalijua tayari: shangazi ni mpole, wanaopiga ni wale wengine.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kuyapata maelezo ya hizo mara mbili. Yalikuja kidogo kidogo, mara nyingi tukichambua mchele, maana shangazi hawezi kuongea mikono ikiwa haina kazi. Ninayoyaandika hapa ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisitaje mji wala kituo, na nisimpambe.

Alikuwa WP. Namba ya jeshi ya askari wa kike hapa kwetu Tanzania hutanguliwa na herufi hizo mbili, na mwishowe herufi zimekuwa jina la mtu. "Muite WP aje amsachi huyu mama." "WP, chukua zamu ya mahabusu." Aliingia depo, yaani chuo cha mafunzo ya polisi, Moshi mwaka 1983, binti mwembamba ambaye baba yake alitaka awe mwalimu, akastaafu 2014 akiwa stafu sajenti. Katikati alipita kaunta, mahabusu, doria, malindo ya benki, trafiki kwa miezi minane aliyoichukia kwa sababu ya jua na, kwa maneno yake, "vishawishi", na mwisho Dawati la Jinsia na Watoto.

Tuliishi kota, kwenye zile nyumba tulizoziita fulusuti, bati ukutani na bati juu. Mchana ni tanuri. Mvua ikinyesha, hata ukipigiwa kelele sikioni husikii. Jioni askari wa kiume walikaa kwenye benchi chini ya mkungu na kusimulia ya kazini: nikamtandika, nikamlaza, akaongea mwenyewe. Sisi watoto tulizijua hadithi zile kwa moyo na tukaziigiza. Kila mtu alitaka kuwa afande, hakuna aliyetaka kuwa mwizi. Shangazi alipita pale akasalimia, akaingia ndani, akavua buti na kuloweka miguu kwenye karai la maji ya chumvi. Hakuwa na hadithi. Nilidhani kazi yake haina mambo.

Kwa miaka mingi kazi ya WP ilianza pale mwili wa mwanamke ulipohusika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ile ya 1985, inasema mwanamke akibidi kupekuliwa atapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Ni kifungu chema. Ila vituoni kiligeuka kuwa maelezo yote ya kazi ya askari wa kike: unaitwa, unapekua, unarudi kaunta kuandika. Wenzako wanapanda defenda kwenda kukamata majambazi. Na sifa zinapanda defenda pamoja nao.

Kisha kulikuwa na sketi. Shangazi ananiambia huwezi kumkimbiza mwizi wa kuku ukiwa na sketi inayokubana magotini, kwa hiyo unajifunza kumwita. "Nilikuwa nasimama njia panda nampigia kelele: kimbia tu, baba, utachoka, mimi jioni nitakuja kwenu, mama yako namjua!" Wengine walirudi wenyewe. Wengine hawakurudi, na jioni kweli alikwenda. Suruali zilipokuja alizivaa kwa furaha kama watu wote, ila tabia ya kuita ilikuwa imeshaota mizizi.

Sasa yule wa kwanza. Ilikuwa 1991 au 1992, hana hakika. Doria ya usiku, yeye na konstebo mmoja kijana, wameitwa kwenye ugomvi wa ndugu wawili wanaogombea shamba la baba yao. Mmoja kamkata mwenzake panga begani. Walipomfikia alikuwa ameshalitupa panga, amekaa chini, ametulia mno. Konstebo akainama kumfunga pingu. Yule mtu akaukamata mkanda wa bunduki, SMG, na kuuvuta kwa nguvu zote, konstebo akaanguka juu yake, mtutu ukawa unazunguka kuwatafuta wote watatu.

Shangazi alimpiga kirungu kwenye kifundo cha mkono. Mara ya kwanza hakuachia. Mara ya pili mfupa ukalia. "Kama muwa," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Sheria hiyohiyo ya 1985 inasema polisi asitumie nguvu, wala asimdhalilishe mtu, kupita inavyohitajika kumkamata au kumzuia asitoroke. Shangazi aliifundishwa kazini kwa kukariri, na usiku ule, anasema, ndipo alipoielewa: baada ya mkanda kuachiwa, kirungu kilikuwa bado kimenyanyuliwa na mkono ulitaka kuongeza. "Ile ya tatu ndiyo kosa. Mbili zilikuwa kazi." Hakuiongeza. Alimpeleka hospitali mwenyewe, na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa, akaiandika mwenyewe, akakaa kwenye benchi hadi plasta ilipofungwa. Walipokuwa wanasubiri yule mtu akamwomba maji, akampa.

Ikaja barua ya pongezi. Neno "ujasiri" lilikuwemo mara mbili; barua bado anayo, imekunjwa ndani ya Biblia. Haukupita muda mrefu akavishwa tepe mbili, akawa koplo.

Nilimuuliza kama alistahili. Alisema ndiyo, na ndipo akanipa kisa cha muuza bucha, ambacho kwa maoni yangu ndicho kilichostahili barua.

Muuza bucha huyu alikuwa na madeni, mke ameondoka na watoto, na asubuhi moja akaufunga mlango wa bucha kwa ndani na kisu mkononi, akasema atakayeingia atatoka vipande. Nje watu wakajaa. Wengine walikuwa wameshaokota mawe. Kila anayekaa Tanzania anajua umati wenye mawe unaishia wapi. Defenda ikaja na askari sita. Mkubwa wa msafara akataka bomu la machozi lipitishwe dirishani. Shangazi, koplo mpya, akaomba dakika kumi.

Akasimama kwenye nondo za dirisha na kuuliza, "Leo umechinja wangapi?"

Kimya. Halafu: "Mmoja."

"Maini kachukua nani?"

Mtu yule akaanza kulalamika. Maini alikuwa akikopwa kila wiki, na aliyekuwa akiyakopa kuliko wote, akamtaja kwa cheo, alikuwa amesimama pale nje na bomu la machozi mkononi. Watu wakaangua kicheko, mawe yakaanza kushuka kutoka mikononi. Dakika kumi zikawa arobaini. Walizungumza bei ya ng'ombe mnadani, ushuru, mke. Hakumdanganya kwamba hatakamatwa, alimwambia, "Utalala kituoni leo, lakini utalala mzima." Mwishowe mlango ukafunguliwa na kisu kikatoka mpini mbele, kimeviringishwa gazeti kama nyama ya mteja.

Kwenye kitabu cha matukio shangazi aliandika sentensi moja, kwa sababu ndiyo iliyohitajika: mtuhumiwa amekamatwa bila tatizo. Ukiisoma sentensi hiyo leo, kama kitabu bado kipo, utadhani ilikuwa siku ya kawaida. Mfupa uliovunjika una barua. Dakika arobaini zile za dirishani hazina hata mstari, kwa kuwa kofi ambalo halikupigwa haliandikwi. Hakuna fomu yake. Mwisho wa mwaka wakubwa wakikaa kupandisha vyeo wanasoma yaliyoandikwa.

(Deni la maini lililipwa? nikamuuliza. "Lote," alisema. Kwa uso wake naona hilo ndilo analojivunia zaidi.)

Nilitaka kujua kama haya ni ya shangazi peke yake au ni ya askari wa kike kwa jumla. Hapa kwetu sijakuta takwimu za kunisaidia, nikaenda kusoma ya Marekani, ambako wana tabia ya kuhesabu kila kitu. Mwaka 1972 polisi wa jiji la Washington walianza kuwapanga wanawake kwenye doria za kawaida, na watafiti wakawafuatilia askari wapya wanawake 86 sambamba na wanaume wapya 86. Wakubwa wengi walikuwa na mashaka. Ripoti ilipotoka 1974 ilisema kazi ilifanyika kwa kiwango kinacholingana. Wanawake walikamata watu wachache kidogo, na hawakuwa wepesi wa kuingia kwenye utovu mkubwa wa nidhamu. Miaka 17 baadaye, Los Angeles, tume iliyoundwa baada ya polisi kumpiga dereva mweusi, Rodney King, ilipekua mafaili ikakuta wanawake ni kama asilimia 13 ya askari wa jiji, lakini kati ya maafisa 120 walioongoza kwa ripoti za kutumia nguvu hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Na mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za polisi wa Chicago za 2012 hadi 2015, ukiwalinganisha askari waliopangiwa mazingira yaleyale ya kazi: wanawake walitumia nguvu mara chache kuliko wanaume.

Mtu aweza kusema wanatumia nguvu kidogo kwa sababu wanakwepa kazi, na kweli idadi yao ya kukamata iko chini kidogo. Mimi naamini shangazi zaidi. Yeye anasema mwanaume mwenye kifua anajua tangu asubuhi kwamba maneno yakishindwa kifua kipo, kwa hiyo maneno anayatupa mapema. Mwanamke mwenye kilo 54 hana pa kukimbilia, basi maneno yake anayatunza na kuyatumia mpaka tone la mwisho. Hakuzaliwa mpole. Amesomeshwa na uzito wake.

Lakini alisema nisimpambe, naye hakunipa nafasi. Nilipomsomea zile takwimu alicheka. "Kawaulize waliolala mahabusu."

Ni kweli. Uliza wanawake waliopita mikononi mwa polisi wetu na wengi watakwambia afande wa kike ndiye mkali zaidi, ndiye anayetukana mpaka mama yako kaburini. Nilikuwa nadhani ni chuki tu ya watu kwa mwanamke mwenye mamlaka. Sehemu ni hiyo. Sehemu nyingine ni yule wa pili.

Hiki kisa alikitoa mwisho, na siku hiyo hapakuwa na mchele. Alikuwa ameshika mikono yake tu.

Ilikuwa kabla ya yote hayo, miaka minne hivi tangu atoke depo. Msichana wa kazi za ndani aliletwa na tajiri yake kwa tuhuma ya kuiba bangili za dhahabu. Shangazi akaitwa kumpekua. Akampekua, kwa staha kama alivyofundishwa, hakukuta kitu. Mkubwa wa zamu akasema kwamba huyu hatasema kwa kubembelezwa. Askari wawili wakawa wamesimama mlangoni kuangalia. Mkubwa akamuuliza, "Wewe WP ni askari, au umekuja hapa kututembelea?"

Akavua mkanda. Alimpiga kwenye nyayo.

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Ungekuwa unahesabu ungeacha."

Msichana hakukiri. Bangili kama zilipatikana shangazi hajui. Siku iliyofuata alibadilishiwa zamu, na hakuuliza. Anachokumbuka ni kwamba walipotoka, wale wawili wa mlangoni walimnunulia soda. Katika miaka minne hawakuwahi kumnunulia hata maji. Wakakaa naye kwenye benchi, wakampisha akae katikati. "Na ile soda, mama, niliinywa," aliniambia. "Ilikuwa baridi na tamu, nikaimaliza."

Kipigo kile nacho hakimo kwenye kitabu chochote.

Tangu siku ile ukali wa afande wa kike nausikia tofauti. Anaangaliwa na watu wawili: raia aliye mbele yake, na mwenzake aliye mlangoni. Wa mlangoni ndiye mwenye soda. Mwanaume anayekataa kumpiga mtuhumiwa ataitwa mlokole, atachekwa wiki moja yaishe. Mwanamke akikataa anakuwa amethibitisha kwamba wanawake hawafai, yeye na wote watakaomfuata. Anabeba jinsia nzima kwenye mkanda. Sisemi hili limsafishe shangazi. Yule msichana alikuwa na nyayo mbili na hakuna aliyemuuliza nani anamwangalia nani.

Wala jinsia haizuii mkono kukosea. Aprili 11, 2021, huko Brooklyn Center, jimbo la Minnesota, askari Kim Potter, mwanamke mwenye miaka 26 kazini, aliyekuwa siku hiyo akimfundisha askari mpya, alipiga kelele kwamba anatumia Taser, ile bunduki ya shoti ya umeme, kumbe amevuta bastola. Daunte Wright, kijana wa miaka 20, akafa. Desemba mwaka huohuo baraza la mahakama likamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa miaka miwili. Video ipo, nimeiangalia mara moja, inatosha.

Inayonirudia zaidi ni habari nyingine, ya usiku ule wa Rodney King, Machi 3, 1991. Watu wengi wanakumbuka wanaume wenye virungu. Wachache wanakumbuka kwamba waliokuwa wa kwanza kulifukuza gari la King walikuwa askari wa barabara kuu, mume na mke, na mke, Melanie Singer, ndiye aliyemsogelea King bastola ikiwa mkononi. Sajenti wa polisi wa jiji akamwamuru arudi nyuma, wao watashughulika. Akarudi nyuma. Akasimama kuangalia virungu vikishuka. Mwaka 1993, kwenye kesi ya shirikisho dhidi ya askari wa virungu, aliitwa kutoa ushahidi, na alipokuwa akieleza alichokiona alilia pale kizimbani.

Nimeifikiria sana ile hatua ya kurudi nyuma. Alikuwa na sare, silaha, cheo halali cha kazi, na alikuwa amefika wa kwanza. Neno moja tu hakuwa nalo, neno "inatosha", na hata kama alikuwa nalo hakuwa na mahali pa kusimama alitamke.

Nilimuuliza shangazi lini alijifunza kulisema. "Nikiwa koplo," akanijibu bila kufikiri. "Kabla ya tepe mbili nani atakusikiliza?" Kisha akanyamaza, nadhani aliona kama nilivyoona mimi: tepe zile zilitokana na mfupa. Ilibidi amvunje mtu mkono kwanza ndipo awe na sauti ya kuzuia wengine wasivunjwe.

Na hata akiwa nayo, hakulitamka hivyohivyo. Ukisema "msimpige" unaambiwa una huruma za kike. Alitafuta njia za pembeni. Aliingia na kalamu na karatasi: "Huyu nampeleka kuandika maelezo, simameni pembeni." Au alisema kwa sauti ya mtu mvivu, "Mkimvunja, PF3 mtaandika wenyewe, mimi mkono unaniuma." Hakuna askari anayependa kuandika PF3 na kueleza jeraha limetoka wapi. Karatasi iliwaogopesha kuliko dhambi. Aliwahi kusimama tu mlangoni mwa chumba, mikono nyuma, akasalimia "Jambo afande!" kwa sauti ya paredi, na mkubwa akalazimika kuitikia, ukishaitikia salamu ya paredi huwezi kurudi kwenye ulichokuwa unafanya kwa hasira ileile. Ananionyesha mpaka leo, goti bovu na yote, anasimama wima sebuleni na kupiga saluti, wajukuu wanaanguka kwa kicheko.

Mambo haya hayafundishwi depo. Anasema walifundishwa kwata, kulenga shabaha, sheria kwa kukariri. Jinsi ya kuongea na mtu mwenye kisu hakuna aliyewafundisha. Ilidhaniwa ni kipaji, na kwa kuwa wanawake ndio waliokuwa nacho, ilidhaniwa ni umbea uliopata kazi.

Nadhani neno lenyewe linachangia. Sisi tunasema Jeshi la Polisi, na jeshi lina adui. Wakenya walipoandika Katiba yao ya 2010 walibadilisha jina likawa huduma, na sheria yao ya polisi ya 2011 ina jedwali zima kuhusu nguvu: njia zisizo za nguvu zijaribiwe kwanza, askari mwenye sare aonyeshe jina au namba yake, aliyejeruhiwa atibiwe mara moja, na amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Sentensi hiyo ya mwisho nilimsomea shangazi mara mbili. Halafu likaja Juni 2024, vijana wa Nairobi wakaingia barabarani kupinga muswada wa fedha, na tukaona jedwali lisivyoweza kuruka peke yake kutoka kwenye karatasi. Kwetu, Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2023, na moja ya mapendekezo ilikuwa kulifumua jeshi hili na kulisuka upya liwe chombo cha huduma. Ya Oktoba 2025, ya siku za uchaguzi, sitayagusa kwenye makala hii. Kuna waliozika, na kuna waliotafuta wa kuzika.

Shangazi aliipenda kaulimbiu ya polisi ya miaka yake ya mwisho, "Utii wa sheria bila shurti". Aliibandika ukutani pale dawatini. Ila alilalamika kwamba inamwangalia raia peke yake, kama kioo kilichogeuzwa upande mmoja.

Dawati lilimfaa. Huko hatimaye kuongea kulikuwa ndiyo kazi yenyewe, na jalada lilikuwa na mahali pa kuandika nani alisema nini. Lakini hata huko, anasema, wenzake wa upelelezi waliliita "chumba cha akina mama", na vijana wa kiume waliopangiwa waliona kama wameadhibiwa. Mmoja alidumu. Anampigia simu mpaka leo kumuuliza namna ya kumhoji mtoto asiyetaka kuongea, na yeye humjibu mpike naye chai, mwache yeye aweke sukari.

Mwaka jana wakati wa masika nilikwenda kumtembelea, nikalala. Saa saba usiku kelele zikazuka nyumba ya pili, kwa seremala. Sahani zilivunjika, mwanamke alilia, mtoto naye akaanza. Nikachukua simu niite polisi. Shangazi alikuwa ameshakaa kitandani anatafuta khanga kwa miguu. "Wapigie," alisema, "ila hawatafika kabla ya saa tisa, gari lao halina mafuta." Akachukua tochi. Nilimfuata nikitetemeka; mtu ana miaka sitini na zaidi, goti bovu, hana hata mwiko mkononi.

Aligonga mlango kwa upole. "Hodi hapa! Baba, samahani kwa usiku. Naomba chumvi."

Kelele zikakatika. Ndani kulikuwa na kimya cha mtu anayejaribu kuelewa nani anaomba chumvi saa saba. Mlango ukafunguka kidogo, seremala, kifua wazi, anahema. Akarudi ndani, akaja na kopo. Shangazi akalipokea, akalifungua, akamulika ndani. "Hii ya mawe au ya unga? Sioni vizuri, njoo nje kidogo. Na ule mlango wangu ulioniahidi, mbao umeshapata?" Akatoka nje. Wakasimama uani wakijadili mninga na mkongo, bei imepanda, wanaouza wanachanganya mbao mbichi. Mvua ilikuwa manyunyu. Nyuma ya mgongo wa yule baba, mkewe alitoka na mtoto begani, akapita upande wangu, nikampeleka kwetu nikamfungia mlango.

Asubuhi shangazi alivaa viatu vya kutokea. Jicho la mama yule lilikuwa limevimba, na walikuwa wanakwenda pamoja dawatini kuchukua PF3, halafu hospitali. Nilimuuliza, wakati anafunga kilemba, kama angekuwa bado kazini, ya usiku angeyaandikaje.

"Ya usiku? Hali shwari," alisema. "Ya asubuhi hii ndiyo yataandikwa." Akanikabidhi lile kopo, nilirudishe kwa wenyewe kabla mtu hajataka kupika.